Kila Upande Una Mwaka Wake: Wahindi na Mjadala wa Nafasi ya Nchi Yao Duniani

Bila shaka unakumbuka jinsi barabara za Kampala zilivyofungwa mwezi Januari mwaka 2024. Huko Munyonyo, kandokando ya ziwa, kulifanyika mkutano wa 19 wa wakuu wa Nchi Zisizofungamana na Upande Wowote, na Uganda ikapokea uenyekiti wa jumuiya hiyo yenye wanachama wapatao 120. India, ambayo waziri mkuu wake wa kwanza Jawaharlal Nehru alikuwa miongoni mwa waasisi, iliwakilishwa na waziri wake wa mambo ya nje, Subrahmanyam Jaishankar. Waziri Mkuu Narendra Modi hakuja. Wala hakwenda kwenye mkutano wa Venezuela mwaka 2016, wala wa Azerbaijan mwaka 2019.

Wiki iliyofuata mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili aliniuliza darasani: "Mwalimu, mwenye nyumba asipokuja kwenye sherehe yake, je, bado ni sherehe yake?" Sikuwa na jibu la haraka. Makala haya ni jaribio la kumjibu, na kwa kuwa sisi ni watu wa lugha, tuanze na maneno.

Kwanza tuondoe utata mmoja. Katika Afrika Mashariki neno "Mhindi" huwataja watu wa aina mbili: raia wa India, na jirani yetu mwenye duka ambaye babu yake alizaliwa Jinja. Hapa nawazungumzia wale wa kwanza. Wa pili watatokea kuelekea mwisho, kwa sababu nao wamejadiliwa sana huko Delhi.

Pili, tuliangalie neno lenyewe. Kitenzi "fungamana" kimetokana na "funga", na mnyambuliko wake, kama ule wa "shikamana" na "andamana", unaonyesha vitu vilivyoshikana kwa namna ambayo kimoja hakiendi bila kingine. Kwa hiyo kutofungamana si kukosa rafiki. Ni kuwa na rafiki ambaye hukufungwa naye kamba moja. Kihindi nacho kinatumia neno gutnirpeksha. Gut ni kundi, na nirpeksha ni asiyeegemea. Maneno haya mawili hayana maana ya kunyamaza, na Nehru mwenyewe hakupenda siasa yake iitwe ya mtu asiye na msimamo. Alitaka India iseme, tena kwa sauti, lakini iseme yaliyo yake.

Kwa nini jambo hili liliwagusa sana? Mwezi Septemba 1939 mwakilishi wa mfalme wa Uingereza aliitangazia India kwamba imo vitani dhidi ya Ujerumani. Hakuwashauri viongozi wa Wahindi. Serikali za majimbo zilizoongozwa na chama cha Congress zilijiuzulu kwa kupinga, lakini Wahindi zaidi ya milioni mbili walivaa sare na kupigana, kuanzia Eritrea hadi Burma. (Msomaji wa hapa kwetu atakumbuka kwamba askari wa KAR nao walipelekwa Burma, nao vilevile hawakuulizwa.) Nchi iliyopitia hayo, ilipopata uhuru Agosti 1947, haikuwa tayari kuuachia mji mkuu mwingine uamuzi wa vita na amani. Nehru alishika wizara ya mambo ya nje yeye mwenyewe tangu siku hiyo hadi alipofariki Mei 1964.

Miaka ya mwanzo ilikuwa ya matumaini makubwa. Tarehe 29 Aprili 1954 India na China zilitia saini mapatano kuhusu Tibet yaliyobeba kanuni tano za kuishi pamoja kwa amani, ambazo Wahindi huziita Panchsheel. Mwaka uliofuata nchi 29 za Asia na Afrika zilikutana Bandung, Indonesia. Mitaani watu waliimba "Hindi-Chini bhai-bhai", yaani Wahindi na Wachina ni ndugu. Leo ukilitamka neno hilo mbele ya Mhindi wa makamo, utamwona akitabasamu kwa uchungu.

Uchungu huo una tarehe. Tarehe 20 Oktoba 1962 majeshi ya China yalishambulia katika milima ya Himalaya, upande wa Ladakh na upande wa mashariki. Askari wa India hawakuwa na mavazi ya baridi wala silaha za kutosha. Mwezi mmoja baadaye, huku mji wa Tezpur katika jimbo la Assam ukihamwa, Nehru alimwandikia Rais Kennedy wa Marekani akiomba msaada wa ndege za kivita. Tarehe 21 Novemba China ilisimamisha mapigano yenyewe. Nani alikuja kusaidia? Marekani na Uingereza zilileta silaha. Urusi ya Kisovieti, ambayo siku hizohizo ilikuwa katika mgogoro wa Kuba, iliegemea China kwa muda. Na zile nchi ndugu zisizofungamana? Nyingi hazikuthubutu kumtaja mshambulizi kwa jina.

Sasa tuende miaka tisa mbele. Mwaka 1971 jeshi la Pakistan liliwakandamiza watu wa Pakistan ya Mashariki, na wakimbizi wapatao milioni kumi waliingia India. Agosti 9 serikali ya Indira Gandhi, binti yake Nehru, ilitia saini mkataba wa amani na urafiki na Urusi ya Kisovieti. Vita vilipoanza Desemba, Rais Nixon wa Marekani alituma kikosi cha manowari kikiongozwa na Enterprise kwenye Ghuba ya Bengali ili kuitisha India, naye Mrusi akatumia kura ya turufu kwenye Baraza la Usalama kuikinga. Tarehe 16 Desemba jeshi la Pakistan lilijisalimisha mjini Dhaka, askari na raia wake wapatao 93,000 wakatekwa, na Bangladesh ikawa nchi huru.

Nimeyaeleza haya kwa kirefu kwa sababu ndiyo yanayofungua mlango wa mjadala wote. Ukiwasikiliza Wahindi wakibishana, iwe bungeni, kwenye magazeti au kwenye gari moshi la usiku, mwanzoni utadhani wanabishana kuhusu Marekani na Urusi. Kaa nao kidogo utagundua kwamba swali lao ni moja: siku ya dhiki, nani atakuja? Kila upande una mwaka wake. Anayetaka India isogee karibu na nchi za Magharibi atakukumbusha 1962. Anayemtetea Mrusi, au anayemshuku Mmarekani, atakukumbusha 1971. Wote wawili wanasema kweli, na ndiyo maana ubishi hauishi.

Kuna kundi la tatu linaloisoma miaka hiyo miwili kwa pamoja na kusema: hakuja mtu kwa ajili yetu, kila mmoja alikuja kwa ajili yake. Hawa ndio waliodai bomu la nyuklia. India ilifanya jaribio la kwanza Mei 1974 katika jangwa la Rajasthan, kisha majaribio mengine Mei 1998, ikawekewa vikwazo na Marekani, Japani na wengine. Haikupita miaka kumi mizani ikageuka. Julai 2005 Rais George W. Bush na Waziri Mkuu Manmohan Singh walitangaza nia ya kushirikiana katika nishati ya nyuklia ya kiraia, ingawa India haikuwa imetia saini mkataba wa kuzuia kuenea kwa silaha hizo, na hadi leo haijatia.

Ungedhani Wahindi wangeshangilia wote. Kumbe! Vyama vya mrengo wa kushoto vilivyoiunga mkono serikali viliona hii ni kamba ya Mmarekani iliyopakwa asali, vikajitoa. Tarehe 22 Julai 2008 serikali ilipigiwa kura ya imani. Wabunge wa upinzani walimwaga mabunda ya noti mezani wakidai yalikuwa hongo ya kununua kura zao. Serikali ilipona kwa kura 275 dhidi ya 256. Kwa maoni yangu siku ile inafundisha kuliko hotuba nyingi: ni nchi chache ambazo serikali yake ilikaribia kuanguka kwa sababu ya mkataba wa nje unaoipa faida, kwa kuogopa tu kwamba faida hiyo itamfunga mtu mikono.

Siku hizi neno gutnirpeksha limepungua midomoni mwa viongozi. Wanapendelea istilahi nyingine, ambayo wanafunzi wangu huhangaika kuitafsiri: "uhuru wa kimkakati", yaani nchi kujiamulia mambo yake makubwa bila kushinikizwa. India imo katika Quad pamoja na Marekani, Japani na Australia. Imo pia katika BRICS pamoja na Urusi na China, na tangu 2017 ni mwanachama wa Jumuiya ya Shanghai ambamo China ni mkubwa. Anayeitetea siasa hii atasema zamani tulikataa vyumba vyote, sasa tunaingia katika kila chumba. Anayeipinga atajibu kwamba anayekaa vyumba vyote hana kitanda.

Mtihani wa kwanza ulikuja usiku wa tarehe 15 Juni 2020 katika bonde la Galwan, Ladakh. Kwa kuwa makubaliano ya zamani yalikataza kufyatua risasi mpakani, askari wa India na China walipigana kwa marungu na mawe. Wahindi 20 waliuawa. Serikali ilipiga marufuku programu 59 za simu za Kichina, TikTok ikiwemo, na watu wakavunja televisheni za Kichina barabarani mbele ya kamera. Lakini katika mwaka wa fedha wa 2024–25 bidhaa ambazo India ilinunua kutoka China zilizidi thamani ya dola bilioni 100. Hapo mchumi na mzalendo hawaelewani, hata wakiwa ni mtu mmoja.

Mtihani wa pili ulikuwa Ukraine. Februari 2022 vita vilipoanza, huko kulikuwa na wanafunzi Wahindi wapatao 20,000, wengi wakisomea udaktari kwa sababu ada za vyuo binafsi nyumbani hazishikiki. Ili kuwatoa, Delhi ilihitaji simu ya Moscow na simu ya Kyiv zipokelewe zote mbili. Machi 2 India haikupiga kura Umoja wa Mataifa ulipolaani uvamizi ule. Kisha ikaanza kununua mafuta ya Urusi kwa bei ya chini: kutoka chini ya asilimia 2 ya mafuta yake ya nje hadi zaidi ya theluthi moja katika mwaka uliofuata. Watu wa Ulaya waliuliza, dhamiri iko wapi? Wahindi wengi, hata wasiompenda Modi, walijibu kwamba Ulaya yenyewe ilikuwa bado inanunua gesi ya Urusi. Wachache waliuliza swali ambalo mimi naliona zito zaidi: siku China itakapovuka mpaka wetu, tutaiambia nini dunia kuhusu mipaka ya watu?

Mtihani wa tatu ulikuwa mchungu zaidi. Tarehe 22 Aprili 2025 watu 26 waliuawa na washambuliaji huko Pahalgam, Kashmir. India na Pakistan zilipigana kwa makombora na ndege kuanzia Mei 7 hadi Mei 10, na aliyekuwa wa kwanza kutangaza kusimama kwa mapigano alikuwa Rais Donald Trump. Akasema yeye ndiye aliyewapatanisha. Msomaji asiyeijua historia atashangaa kwa nini tamko hilo liliwakasirisha Wahindi. Tangu mkataba wa Simla wa 1972 India imeshikilia kwamba Kashmir ni jambo la wawili, na mtu wa tatu hana kiti. Serikali ilikana kwamba alikuwepo mpatanishi. Bungeni, mwezi Julai, kiongozi wa upinzani Rahul Gandhi alimtaka waziri mkuu aseme waziwazi kwamba Trump anasema uongo.

Mwezi uliofuata Marekani ilitoza bidhaa za India ushuru ambao kufikia Agosti 27 ulifika asilimia 50, nusu yake ikiwa ni adhabu ya kununua mafuta ya Urusi. Siku chache baadaye Modi alikuwa Tianjin, China, nchi ambayo hakuwa ameikanyaga kwa miaka saba. Wenye mwaka 1971 walisema, tuliwaambia. Wenye mwaka 1962 walisema, na huyo mnayempa mkono ndiye wa Galwan. Huku nyuma washonaji wa Tiruppur, wakata almasi wa Surat na wafugaji wa kamba wa Andhra Pradesh walihesabu oda zilizoahirishwa. Uhuru wa kimkakati una gharama, na kwa kawaida anayeilipa si yule aliyetoa hotuba.

Hapo ndipo mjadala unapogusa jambo la pili, yaani hadhi. Wafuasi wa serikali hupenda kuiita India vishwaguru. Vishwa ni dunia, na guru, kama ujuavyo, ni mwalimu. Wenye kejeli wamelifanya neno hilo kuwa utani: mwalimu wa dunia ambaye pato la kila raia wake kwa mwaka halijafika dola 3,000. Wafuasi hujibu kwamba mwaka 2022 uchumi wa India uliupita wa Uingereza, mtawala wake wa jana, na kwamba Agosti 2023 chombo chake kilitua karibu na ncha ya kusini ya mwezi, mahali ambapo hakuna aliyewahi kutua. Serikali yenyewe siku hizi hutumia zaidi vishwamitra, rafiki wa dunia. Mwalimu amekuwa rafiki. Nadhani mtu mmoja wizarani aligundua kwamba majirani hawapendi kufundishwa.

Ubishi kuhusu hadhi ulipata sura ya maisha na kifo mwaka 2021. Kuanzia Januari India iligawa na kuuza nje chanjo za UVIKO-19, zaidi ya dozi milioni 60 kufikia Aprili. Sisi ni mashahidi: shehena ya kwanza ya Uganda, dozi 864,000 zilizoshuka Entebbe Machi 5 kupitia mpango wa COVAX, ilitengenezwa Pune, na zawadi ya dozi nyingine 100,000 kutoka Delhi ikafuata. Kisha wimbi la pili likaipiga India. Watu walikufa kwenye maegesho ya hospitali wakitafuta oksijeni. Katika Delhi yalibandikwa mabango yakimuuliza waziri mkuu kwa nini chanjo za watoto wao zilipelekwa ng'ambo, na polisi wakawakamata watu zaidi ya ishirini kwa kuyabandika. Usafirishaji ulisimama. Mwezi Juni, wimbi lilipofika kwetu, maghala yetu yalikuwa karibu matupu.

Je, ilikuwa kosa kutoa, au kosa lilikuwa kutojiandaa? Wahindi bado hawajakubaliana. Mimi, ambaye mama yangu alichomwa dozi ya kwanza iliyotoka Pune na akangoja ya pili kwa miezi, siwezi kujifanya mwamuzi asiye na upande.

Kuna pia kiti. India imekaa mara nane kwenye Baraza la Usalama kwa vipindi vya miaka miwili, wa mwisho ukiwa 2021–22, na inataka kiti cha kudumu. Hoja ipendwayo na wapinzani wa Congress ni kwamba Nehru alipewa kiti hicho akakikataa kwa ajili ya China. Watetezi wake hujibu kwamba yeye mwenyewe aliliambia bunge mwaka 1955 kwamba hakuna toleo la aina hiyo lililofanywa. Mabishano haya yana miaka sabini na hayajachoka. Kwetu Waafrika, tunaodai viti viwili vya kudumu kwa msimamo wa Ezulwini wa 2005, swali ni lingine: India inapozungumza kwa niaba ya nchi za Kusini, nani aliituma? Inajibu kwa kuonyesha mkutano wa G20 mjini New Delhi, Septemba 2023, ambapo Umoja wa Afrika ulikaribishwa kuwa mwanachama kamili. Ni jibu zuri, ingawa si kamili.

Nilisema majirani zetu watatokea. Nehru aliwashauri Wahindi waishio ng'ambo, hasa wa Afrika Mashariki, wajiunge na wenyeji na wasidai kuliko wenyeji. Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972, wengi wao walikuwa na pasipoti za Kiingereza, na Delhi ilisisitiza kwamba mzigo ni wa London. Siku hizi upepo ni mwingine. Tangu 2003 tarehe 9 Januari, siku ambayo Gandhi alirudi kutoka Afrika Kusini mwaka 1915, ni siku rasmi ya Wahindi wa ng'ambo, na wanahesabiwa kuwa sehemu ya nguvu ya nchi. Modi alipolihutubia Bunge letu Julai 2018 na kutaja kanuni kumi za ushirikiano na Afrika, alizungumza pia na jamii yao hapa Kampala. Wazee waliorudi baada ya 1986 walishangilia, ingawa wapo waliojiuliza hamu hiyo ilikuwa wapi mwaka 1972.

Namrudia mwanafunzi wangu. Sherehe ya Munyonyo bado ni ya India kwa kiasi, kwa sababu wazo la kutofungwa halijaondoka Delhi, limehama tu chumba. Taasisi ya utafiti wa amani ya Stockholm inaonyesha kwamba silaha za Urusi zilikuwa asilimia 72 ya zile India ilizoagiza nje katika miaka ya 2010–14, zikashuka hadi 55 katika 2015–19, na 36 katika 2020–24. Ufaransa, Israel na Marekani zimeziba pengo. Wapo wanaosoma tarakimu hizo kama kuhama upande, na wapo wanaozisoma kama kufungua mafundo moja baada ya jingine.

Mwanafunzi huyo, katika zoezi la tafsiri la muhula uliopita, hakuandika "uhuru wa kimkakati" kama kitabu kinavyosema. Aliandika "kujiamulia siku ya dhiki". Tulibishana kama ni tafsiri au ni maelezo, na bado hatujamaliza.